Kariakoo ya mabarazani: mafundi cherehani, wauza kahawa na fremu ndogo walikwenda wapi?

#1 Mtoto wa Sikukuu (mwenye uzi)

Wakuu, habari za usiku. Shikamooni wakubwa wote mlio humu.

Huu uzi ni mrefu, mnivumilie. Juzi nilipita Mtaa wa Sikukuu kufuata vitambaa vya shemeji yangu, nikajikuta nimesimama mbele ya ghorofa moja refu natazama chini, natafuta kitu. Winga akanishika mkono: "Braza, unatafuta nini, viatu?" Nikashindwa kumjibu. Nilikuwa natafuta baraza la nyumba niliyokulia.

Kwa mliozaliwa ghorofa zimeshasimama, ngoja niwaeleze nyumba yenyewe. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo ilikuwa na vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, katikati ukumbi unaotoka mlango wa mbele mpaka uani. Uani kuna jiko, bafu, choo na kamba za kuanikia nguo, na kwetu kulikuwa na mwarobaini. Mwenye nyumba anakaa chumba kimoja au viwili, vilivyobaki anapangisha. Mbele, chini ya upenu wa bati, kuna baraza la saruji, upana wake mtu anakaa na kunyoosha miguu bila kugusa barabara.

Baba yangu mdogo alishona kwenye baraza lile tangu 1984. Cherehani yake ilikuwa Singer nyeusi ya kukanyaga, maandishi ya dhahabu yamefutika yakabaki "S" na mkia wa "r". Ile miguu yake ya chuma ilikuwa imechimba saruji kwa miaka, vikatokea vishimo vinne, kila kimoja kinaingia kidole gumba. Asubuhi anaitoa ukumbini, anaiinua upande mmoja, anaitua, inakaa yenyewe kwenye vishimo vyake. Haitikisiki hata akishona jinzi. Usiku ikirudi ndani, sisi watoto tunachezea goroli kwenye vishimo vilevile mpaka bibi atuite kulala.

Sasa angalieni baraza moja lilivyolisha watu. Alfajiri anakaa mama wa vitumbua, saa tatu ameshaondoka na karai lake. Baba mdogo anaingia na cherehani, pembeni yake fundi viatu na kisanduku chake. Jioni mafundi wakifunga, anakuja mzee wa kahawa na dele, kashata kwenye sahani ya bati, wazee wanatandika bao. Biashara nne juu ya saruji ileile, hakuna hata moja yenye mlango. Na kodi? Baba mdogo alitoa hela kidogo kila mwezi, ila Januari ilikuwa ni lazima ashone sare za shule za wajukuu wote wa mwenye nyumba. Mama wa vitumbua alitoa sahani moja kila asubuhi. Fundi viatu sikumbuki kama aliwahi kutoa chochote zaidi ya kusaidia kubeba maji bomba lilipokatika.

Mtu anaweza kusema hayo ni maskini wanasaidiana tu. Mimi naona ule ulikuwa utaratibu wa biashara unaojitosheleza. Mtu asiye na mtaji alikuwa na mahali pa kuanzia katikati ya soko kubwa kuliko yote nchini, na wateja wanapita mbele yake bila kuitwa.

Nije kwenye kilichotokea.

Babu alikuwa akitusimulia kwamba jina la Kariakoo ni "Carrier Corps" katika vinywa vya watu wetu. Waingereza waliweka pale kambi ya wapagazi wa jeshi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, watu waliobebeshwa mizigo mpaka wengi wakafia njiani. Baadaye mji ukagawanywa: Uzunguni kule baharini, Uhindini katikati, halafu Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kama mpaka, na ng'ambo yake Waafrika wakapewa viwanja vidogo vilivyonyooka kama daftari la hesabu. Hivyo viwanja ndivyo vilivyojengwa hizi nyumba. Watu ambao mji haukuwataka katikati yake wakatengeneza katikati yao wenyewe. TANU ilizaliwa pale pale, Mtaa wa Lumumba, Julai 1954.

Mimi nimekuta badiliko la kwanza nikiwa mdogo, enzi za Mzee Mwinyi, alipofungua milango ya biashara baada ya 1985. Mzigo ukaanza kuingia, Dubai kwanza, China baadaye. Vyumba vya mbele vikatobolewa dirisha likawa mlango, chumba kikawa duka. Hapo baraza halikufa. Duka liko ndani, fundi yuko nje, na kwa kweli walifaidiana: mtu ananunua kitambaa ndani, anashonewa mlangoni.

Badiliko la pili ndilo lililotumaliza. Bei ya kiwanja ikapanda mpaka nyumba iliyo juu yake ikawa si kitu. Mwenye nyumba wetu alifariki, warithi wakawa wengi, na mwekezaji akaja na ubia: ninyi toeni kiwanja, mimi najenga, tutagawana ghorofa. Wakakubaliana. Mimi siwalaumu. Ila tazameni nani alikuwa kwenye ule mkataba. Warithi walikuwepo, mwekezaji alikuwepo, mwanasheria alikuwepo. Baba mdogo, ambaye alikuwa na miaka zaidi ya ishirini pale, alipata karatasi moja ya notisi, miezi mitatu. Fundi viatu na mama wa vitumbua hawakupata hata karatasi, kwa sababu hawakuwa "wapangaji".

Aliuliza swali moja tu: mkimaliza kujenga, nitarudi? Akaambiwa kwa mdomo, utarudi mzee wetu, wewe ndiye wa kwanza. Jengo lilipokamilika akaenda na shati lake jeupe la Ijumaa. Dalali akamtajia kodi ya fremu ya chini, yaani chumba cha duka, ya mwaka mzima mbele, na juu yake kilemba, ile hela ya kuingilia. Kile kilemba peke yake kilizidi bei ya kiwanja alichonunua Mbagala. Akashukuru, akatoka. Nilikuwa naye siku ile. Alipofika nje alisimama pale palipokuwa na baraza, pakiwa na vigae vinavyoteleza na shata mbili za chuma, akaniambia, "Hapa hata pa kuegemeza mgongo hapana."

Nitaendelea kesho na habari ya soko lenyewe. Wenye kumbukumbu karibuni.

#2 Mrithi

Mwenye uzi, nimesoma mara mbili. Naandika kama mtu wa upande wa pili, mimi ni mmoja wa warithi waliouza. Nyumba yetu ilikuwa Narung'ombe.

Kaka yangu, usidhani tulikuwa tunacheka siku ile. Vyumba sita, warithi kumi na wanne, wawili kati yetu hawakuwa wanaongeana. Bati limeoza, mvua za masika tunatandika ndoo ukumbini, choo cha uani kimejaa na gari la kunyonya haliwezi kuingia kwa sababu barabara nzima ni mizigo. Marehemu mama alikuwa na presha na miguu inavimba, usiku kwenda uani ni safari. Ungetaka tufanye nini? Kodi ya mabarazani haikutosha hata kununua bati.

Mgao wangu ulinijengea nyumba Chanika. Nina maji ndani, choo ndani. Sijutii choo.

Ninachojutia nitakwambia. Maulidi yetu tulisomea uani, jirani wa kulia anatoa sufuria, wa kushoto anatoa mikeka. Chanika sijawahi kuazima sufuria kwa mtu. Na fundi wetu wa barazani, ambaye ndiye aliyenishonea gauni la harusi, sikumuaga. Tulimpa notisi kupitia dalali. Hilo linanikaa rohoni mpaka leo, kwa sababu lilikuwa ndani ya uwezo wetu na halikuwa na gharama yoyote.

#3 Winga wa Congo

Heshima kwenu wakubwa. Mimi ni wa 1999, nina haki ya kusema pia.

Hizo ghorofa mnazozililia ndizo zimenilisha. Nilikuja mjini kutoka Masasi na begi, sikuwa na ndugu mwenye baraza. Nikaanza kubeba mizigo, nikawa winga, napeleka mteja dukani napata cha juu. Sasa hivi nina meza ndani ya fremu ya mtu, tupo watatu kwenye fremu moja, mmoja kava za simu, mmoja chaja, mimi saa. Kila mtu anatoa sehemu yake ya kodi. Mteja wangu anatoka Lubumbashi, anatoka Lusaka, anatoka Moroni, anafunga mzigo anaondoka. Asingefuata mzigo kwenye nyumba ya vyumba sita.

Baraza lilikuwa zuri kwa aliyekuwa na mtu wa kumweka pale. Sisi tuliokuja baadaye tulianzia barabarani, na Oktoba 2021 tukaambiwa tupishe. Tulipelekwa pembeni ambako hakuna mpita njia. Niliuza soksi mbili kwa wiki. Kwa hiyo wote tumeondolewa, mkuu, tofauti ni mwaka tu.

#4 Mtoto wa Sikukuu

Mdogo wangu wa #3, umenifundisha kitu na nakishika. Kweli, baba mdogo alipata baraza kwa sababu mke wa mwenye nyumba alikuwa mtu wa kwao Kilwa. Asiyekuwa na mtu alikuwa anazunguka na bidhaa mkononi. Na wewe kwa asili ya jina lenyewe ndiye mwenye haki zaidi, neno machinga limetokana na vijana wa kusini, wa Lindi huko, waliokuja kutembeza bidhaa Dar.

Ila nisaidie kufikiri. Hiyo meza yako ndani ya fremu ya mtu, ina tofauti gani na baraza? Naona ni kitu kilekile kimerudi kwa mlango wa nyuma. Watu watatu wasio na mtaji wa fremu wanagawana nafasi moja. Tofauti ni kwamba baba mdogo akikosa mteja mwezi mzima alikuwa anamwambia mwenye nyumba, "mama, mwezi huu pamebana," na maisha yanaendelea. Wewe ukikosa unatoka siku hiyohiyo. Uvumilivu ndio uliopotea. Saruji haikuwa na uvumilivu, ila watu waliokaa juu yake walikuwa wanajuana.

Dada yangu #2, Mungu akubariki kwa ukweli wako. Wala sitaki tena neno "waliuza" litumike humu kama tusi.

#5 Jirani wa Kariokor

Salamu kutoka Nairobi. Sisi pia tuko na Kariokor yetu, jina lilelile na historia ileile, wapagazi wa vita walewale. Ukienda pale soko utapata viatu vya ngozi, viondo na nyama choma.

Hii hadithi ya fremu tunaijua sana. Pale katikati ya mji, Luthuli Avenue, Moi Avenue, River Road, duka moja kubwa la zamani lilikatwakatwa likawa vibanda ishirini vya mbao na vioo. Sisi tunalipa gudiwili, ninyi mnaita kilemba. Mama yangu alikuwa na kibanda cha nguo za watoto pale, upana wake ukinyoosha mikono miwili umegusa kuta zote. Mwenye jengo akaamua kujenga upya, gudiwili aliyolipa mama ikapotelea hapo, haina risiti, haina sheria.

Na hawa wa barabarani walijengewa Muthurwa mwaka wa 2008. Soko liko, lakini wengi walirudi mjini kukimbizana na kanjo, askari wa jiji, maana mteja hafuati muuzaji, muuzaji ndiye hufuata mteja. Hilo nadhani wakubwa wa mipango hawalishiki, iwe Nairobi au Dar.

#6 Mtoto wa Sikukuu

Nimeahidi habari ya soko, naileta.

Nataka mliokuwa mkipita chini ya lile paa bila kuangalia juu, siku moja msimame mtazame. Soko Kuu la Kariakoo lilichorwa na Mtanzania, marehemu Beda Amuli, likafunguliwa 1975. Zile nguzo zinazopanuka juu kama miavuli iliyogeuzwa, zimefanya kazi mbili. Zinafunika uwanja mpana bila kuta, kwa hiyo upepo unapita na harufu ya dagaa haikai. Na mvua ikinyesha maji yanaingia katikati ya mwavuli, yanashuka ndani ya nguzo mpaka kwenye matangi chini ya ardhi. Mtu alikaa akafikiria joto la Dar na mvua ya Dar, akachora.

Nilitumwa pale kila Jumamosi. Unaingia kutoka jua kali, macho yanachukua muda kuzoea, halafu ubaridi unakushika shingoni. Kule chini, shimoni, ndiko malori yanashusha, viazi, vitunguu, ndizi. Wauzaji wa pembejeo walikuwa upande wao, na ukienda na mbegu iliyokataa kuota ulikuwa unamkuta yuleyule aliyekuuzia, meza ileile, miaka kumi. Kwangu hiyo ndiyo maana ya soko kuwa la umma: meza haikuwa na kilemba cha kumfukuza mwenye mboga.

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 likaungua. Niliona moshi kutoka Ilala. Wafanyabiashara wakatawanywa kwenye masoko mengine, na Serikali ikatoa zaidi ya Sh bilioni 28 kukarabati na kujenga jengo jipya pembeni. Miavuli ya Amuli ilinusurika, ikabaki. Nilishukuru, kwa sababu nilihofia tutaamshwa siku moja tukute mnara wa vioo na bango la "fremu zinapangishwa".

Lakini angalieni jambo hili. Mama aliyekuwa na meza ya mchicha alihamishwa akapoteza wateja wake, waliomjua kwa sura. Miaka inapita. Hata akirudishwa meza yake, nani atamrudishia wale wateja? Wameshazoea kununua Buguruni au kwa jirani. Kumhamisha mchuuzi mdogo "kwa muda" ni sawa na kung'oa mpapai ukasema utaupanda tena ukimaliza kufagia.

#7 Fundi Mchundo

Nichangie kwa upande wa ujenzi, ndiko ninakopatia riziki.

Watu wanaongelea ghorofa kana kwamba shida ni urefu. Shida ni njaa ya fremu. Kariakoo fremu ya chini ndiyo dhahabu, ghorofa ya nne inakuwa stoo. Kwa hiyo mwenye jengo anatafuta namna ya kupata fremu nyingi zaidi chini. Mtu anavunja ukuta huu, anatoboa ule, akimaliza anataka kuchimba chini ya jengo ambalo halikujengwa na ghorofa ya chini ya ardhi. Udongo wa pale una maji karibu. Nimewahi kuitwa kwenye kazi ya namna hiyo, nikaangalia nguzo, nikarudisha nusu ya hela ya malipo ya awali nikaondoka. Nusu nyingine nilishakula.

Novemba 16, 2024 wote tunaikumbuka. Jengo la hapa Kariakoo lilianguka asubuhi, Jumamosi, watu wako dukani. Zaidi ya watu 25 walikufa, wengine walikaa chini ya kifusi wanaongea na simu mpaka chaji ikaisha. Kabla ya hapo, Machi 2013, liliporomoka lile refu la Mtaa wa Indira Gandhi lililokuwa linajengwa, zaidi ya 30 wakafa.

Nyumba ya vyumba sita ilikuwa inavuja, dada wa #2 amesema kweli. Haikuwahi kuua watu wote waliomo kwa asubuhi moja.

#8 Mzee wa Gerezani

Marahaba wajukuu.

Nina miaka sabini na minne. Macho yananisumbua, mjukuu ananiandikia. Nataka kusahihisha jambo dogo. Kwenye baraza hakukuwa na biashara tu. Habari zilipita hapo. Mtu akifa Kigoma, barua inafikia barazani. Kijana akitafuta kazi bandarini, anaulizia barazani. Abdulwahid Sykes alikuwa msimamizi wa soko la Kariakoo miaka ya hamsini, na watu wa siasa walikuwa wanakutana huku na huku kwenye mabaraza na majumba haya, kabla hatujajua kama kuna uhuru unakuja. Baba yangu alikuwa muuza samaki sokoni, alinunua kadi ya chama kwa mtu aliyekuwa anauza kanda mbele ya baraza.

Mnapoandika, andikeni na majina ya mitaa. Mkunguni, Tandamti, Likoma, Mahiwa, Pemba, Mafia, Aggrey, Nyamwezi. Mahiwa ni jina la mapigano ya 1917. Vibao vikianguka, hakuna anayevirudisha, na vijana wanasema "pale kwenye jengo la bluu". Jengo la bluu likipakwa kijani, utamwelekezaje mtu?

#9 Mdau mgeni

Naomba kuuliza, hivi hakuna sheria ya kulinda hizi nyumba? Naona majengo ya zamani kule Posta yamehifadhiwa vizuri, kanisa la Azania Front, la Mtakatifu Yosefu, Boma la Kale.

#10 Mtoto wa Sikukuu

Mzee wetu wa Gerezani, shikamoo tena. Umetuheshimu kuingia humu. Nitaandika mitaa yote.

Mdau #9, umegusa penyewe. Sheria ya Mambo ya Kale ni ya 1964. Jengo lililojengwa kabla ya 1863 linalindwa moja kwa moja. La baada ya hapo mpaka litangazwe. Sasa piga hesabu: Sultani Majid alianza kuijenga Dar es Salaam miaka hiyohiyo ya 1860. Maana yake karibu hakuna ukuta hata mmoja wa mji huu unaolindwa kwa umri wake. Kila kimoja kinategemea mtu fulani aone kina thamani, na macho yanaona mawe haraka kuliko yanavyoona udongo na miti. Nyumba ya Mwalimu pale Magomeni imehifadhiwa, na ni vizuri, lakini imehifadhiwa kwa ajili ya aliyekaa ndani. Nyumba ya mama wa vitumbua nani aitangaze?

Na mimi siombi Kariakoo nzima igeuzwe makumbusho. Dada #2 anastahili choo cha ndani, kijana #3 anastahili mteja wa Lubumbashi. Ninachotaka ni vitu viwili, na ninavitaka kwa dhati.

Kwanza, kabla ya kibali cha kubomoa, wahesabiwe wote wanaofanya kazi kwenye kile kiwanja, mpaka wa barazani asiye na karatasi. Jina lake liandikwe, kazi yake, miaka yake. Ahadi ya "utarudi" iandikwe na bei yake. Leo mpangaji mdogo haonekani popote kwenye faili, na asiyeonekana kwenye faili hawezi hata kulalamika.

Pili, jengo jipya liache upenu na baraza mbele. Mita mbili tu za kivuli, bila shata, bila kilemba, kodi ya siku au ya wiki. Jengo la ghorofa kumi likiacha mita mbili mwenye jengo hafilisiki. Uhindini majengo mengi ya zamani yana vivuli vya kupita watu, na chini yake mpaka leo utamkuta fundi saa, fundi mihuri, muuza magazeti. Kwa hiyo haiwi ndoto, ipo mwendo wa dakika kumi kwa mguu.

#11 Winga wa Congo

Hiyo ya kodi ya wiki nimeielewa. Ingekuwepo 2021 nisingeuza simu yangu.

#12 Mrithi

Mwenye uzi, baba mdogo yuko hai? Bado anashona? Nina vitambaa vya Idi na huku Chanika fundi niliyempata ananikatia mikono mifupi kila mara.

#13 Mtoto wa Sikukuu

Yuko hai, alhamdulillahi. Yuko Mbagala, anashonea mbele ya nyumba yake. Wateja wake wa Kariakoo wanaomfuata wamebaki watatu, wengine ni majirani, viraka na kupunguza suruali. Nitakutumia namba yake inbox, mpigie baada ya alasiri.

Cherehani ni ileile. Nyumba ya Mbagala ina vigae mbele, wanawe walimwekea kwa heshima. Basi akikanyaga, Singer inateleza, inakwenda mbele kidogokidogo mpaka anainuka kuirudisha. Mwaka jana alikata kandambili ya zamani vipande vinne, akaviweka chini ya kila mguu. Sasa haiendi. Nilipokwenda Jumapili nilimkuta anapima pindo la gauni, nikaangalia chini, kile kipande cha mbele kulia kimeanza kubonyea.

Andaa vitambaa, dada. Mita mbili na nusu kwa gauni, na usisahau bitana.